Meza kwanza, glavu baadaye

Semina za taka za elektroniki zina mwanzo mmoja. Mtoa mada anawasha projekta, anatuambia kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, kisha anaingia kwenye sumu: risasi ya kwenye vioo, zebaki ya kwenye taa, moshi wa nyaya. Ni kweli yote, sina ugomvi nayo. Mwishoni tunagawiwa glavu, barakoa na reflekta, tunapigwa picha ya pamoja, tunapanda daladala kurudi yadi ya skrepa, tunakofungua na kupasua vifaa hivyo. Sijawahi kukaa kwenye semina iliyoanza kwa kuuliza: ninyi mnakaaje mkiwa kazini?

Nauliza kwa sababu nawajua walioacha kazi hii. Sumu huchukua miaka, na mtu anaweza asijue imemfika. Kiuno hakifichi. Kijana aliyekuwa akibeba kompresa mbili za friji kwa mpigo, moja kila mkono, anafika miaka thelathini anainuka kwa kushika ukuta. Baadaye unamkuta Tabata anakaanga chipsi, ukimuuliza anasema biashara ya skrepa imekuwa mbaya. Biashara haijawa mbaya.

Mimi nilikuwa fundi redio, na tuliendelea kuitwa hivyo hata TV zilipokuwa ndiyo kazi yenyewe. Kibanda changu kilikuwa Buguruni. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi walidhani TV za chogo, zile nene za tyubu ya kioo, zimekufa siku hiyo, kumbe ving'amuzi viliziongezea umri. Zilizoziua ni TV bapa zilipoanza kushuka bei. Wateja walewale waliokuwa wakiniletea chogo niwatengenezee wakaanza kuniuliza kama nanunua. Nikawa nanunua. Baadaye nikafunga kibanda nikaingia yadi ya tajiri mmoja, kufungua na kupasua kwa malipo ya kilo.

Vifaa ni vilevile na skrubu ni zilezile. Kilichobadilika ni mwili ulivyokaa. Kibandani nilikuwa na meza, kiti chenye egemeo, taa ya kuvuta mpaka puani. Fundi anayejua kwamba kila skrubu atairudisha hana haraka, na mteja analipia TV iwake, halipii uzito wake. Yadi hakuna meza. Kuna ardhi, na aliyewahi ana kigoda au ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Kifaa kinawekwa katikati ya miguu, nyayo zinakishika kisizunguke, mgongo unakunjwa, shingo inaning'inia. Unakaa hivyo asubuhi kutwa, ukinyoosha mkono nyuma kutupa shaba huku, alminiamu kule, chuma kule mbali kwa sababu chuma ndicho kingi.

Daktari mmoja wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, aliwahi kuchoma sindano kwenye diski za migongo ya watu walio hai, yaani vile visahani laini vya kati ya pingili, ili kupima mgandamizo wa ndani. (Sijui aliwashawishije.) Ukichukua mgandamizo wa mtu aliyesimama wima kuwa 100, kukaa peke yake kunaufikisha kama 140, na kukaa ukiwa umeinama mbele na uzito mikononi kunaupeleka 275. Nilipoona mchoro wake mtandaoni sikuhitaji maelezo. Yule mtu wa 275, aliyekaa, kainama, kashika kitu kizito, ndiye mimi na tyubu ya inchi 21 kati ya magoti.

Lakini kilichonipeleka hospitali hakikuwa mgongo. Ni mkono wa kulia. Ulianza kufa ganzi usiku: dole gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kilibaki kizima, jambo lililonishangaza. Naamka saa nane, nakung'uta mkono mpaka uhisi tena, nalala. Nikapewa vidonge, nikamaliza, ganzi ikarudi. Safari iliyofuata wakanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti wa umri wa mwanangu. Hakuanza na mkono. Alisema, "Shikamoo baba. Hebu nionyeshe unavyofanya kazi."

Nikachuchumaa palepale sakafuni kwake. Akanipa kopo la poda liwe ndiyo kifaa na kalamu iwe bisibisi. Nikafungua skrubu za uongo huku akiniangalia kutoka pembeni. Akanishika kifundo cha mkono, akanionyesha kilivyojikunja kwa sababu kifaa kiko chini na bega liko juu. Akaeleza kwamba mshipa wa fahamu wa vidole vile vitatu na nusu unapita kwenye kijia chembamba hapo kifundoni pamoja na kano zinazokunja vidole. Ukikaza ngumi huku kifundo kimekunjwa, kutwa, kila siku, kano zinavimba na mshipa unabanwa. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine, unapita njia tofauti. Ndiyo maana kilikuwa kizima.

"Baba, huko kazini hamna meza?" aliuliza.

Meza ilikuwepo. Ilikuwa nyumbani, ile ya kibandani, mke wangu ameiweka jikoni ina majiko mawili na beseni la vyombo.

Tangu siku hiyo nikawa nasoma, jioni, kwenye simu. Kuna jambo moja lilinifurahisha kama fundi na kuniudhi kama kibarua. Skrubu hufungwa kwa kuzungusha kulia. Kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, huo ndio mzunguko wenye nguvu, kwa sababu msuli wa mbele ya mkono wa juu, ule ambao vijana wa jimu wanapenda kuuonyesha, unasaidia kugeuza kiganja kutazama juu. Kufungua ni kinyume, na huko msuli ule hausaidii kitu; kazi inabebwa na misuli midogo ya mkono wa chini. Aliyeifunga kiwandani alitumia bisibisi ya umeme. Mimi naifungua kwa mkono, upande ulio dhaifu, na katikati yetu kuna miaka ya unyevu na chumvi ya Dar iliyoigeuza skrubu kuwa kutu. Kompyuta moja ya mezani ina skrubu nne za pawa saplai, nne za diski kuu, motabodi kubwa hufika tisa, bado kava na feni. Hiyo ni kompyuta moja. Zinakuja kwa guta.

Basi nikamwomba tajiri nijenge meza. Hakukataa, alisema nijenge, ilimradi asitoe hela. Miguu nilipata kwenye fremu ya mashine ya fotokopi, mbao za juu ni za paleti, na juu ya mbao nimetandika mpira wa tairi ili kifaa kisiteleze na nyundo isirudishe mshtuko mkononi. Nimejenga mbili. Kazi ya skrubu inataka meza iliyo chini kidogo tu ya kiwiko ukiwa umesimama. Kazi ya nyundo na tindo inataka meza ya chini zaidi, kama shibiri moja hadi moja na nusu chini ya kiwiko, ili mkono ushuke kwa uzito wake wenyewe. Ukipiga nyundo kwenye meza ndefu, bega linapanda kila pigo, na umehamisha ugonjwa kutoka kiunoni kwenda begani.

Kwenye meza ndefu nimefunga jiriwa. Nashangaa hakuna mradi unaogawa jiriwa. Mkono wa kushoto wa mtu wa yadi, pamoja na nyayo zake, ni jiriwa ya nyama. Kazi yake kutwa ni kushika tu. Kifaa kikishikwa na chuma, mkono huo unapumzika au unafanya kazi. Pembeni nimebandika sumaku za spika za zile chogo zenyewe, zinadaka skrubu zisianguke tukaanza kuinama kuziokota. Na drili ndogo ya betri, ya mtumba, imekaa mahali pa bisibisi nyota kwa skrubu zote isipokuwa zile sugu. Zile sugu tunaziloweka mafuta jioni tunazirudia kesho.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeisogelea. Nilijua watacheka, sikutegemea wawe na hoja. Kijana mmoja aliniambia, "Fundi, chini mzigo unashuka wenyewe. Juu ya meza nani ananyanyua?" Na ni kweli. Meza inakuondolea kuinama, halafu inakudai unyanyue kila TV kutoka ardhini.

Hapo ndipo fomula ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilinisaidia. Ni fomula ya kunyanyua mizigo, waliyoirekebisha mwaka 1991. Inaanza na kilo 23, na hizo ni kilo za mazingira ya peponi: mzigo umegusana na mwili, uko usawa wa mapaja, una mahali pazuri pa kushika, hujipindi, na hunyanyui mara kwa mara. Kila linaloharibika linakata. TV ya chogo upana wake haupiti katikati ya magoti, kwa hiyo unaichukua mbele ya magoti, mikono ikiwa kama sentimita 50 toka vifundo vya miguu. Hapo tu, 23 inagawanywa kwa mbili. Unaichukua toka chini kabisa: inakatwa tena karibu robo. Umebaki na uzito usiofika kilo 9, na bado sijahesabu kujipinda wala ile TV ya kumi ya siku. Chogo ya inchi 21 ina kilo ishirini na kitu. Ya inchi 29 inapita arobaini. Uzito wenyewe uko mbele, kwenye kioo kinene; nyuma ni plastiki na nafasi tupu. Wazoefu wanajua kukumbatia kioo kifuani, na wanajua pia kwamba ndani ya tyubu hiyo hewa imenyonywa, kwa hiyo wanakumbatia kitu ambacho kikipasuka vioo havichagui pa kwenda.

Jibu halikuwa kuwafundisha vijana kunyanyua vizuri. Mabango ya "piga magoti, nyoosha mgongo" nimeyaona mengi. Yamechorwa na mtu anayenyanyua boksi dogo lenye mishikio. Jibu lilikuwa kutoshusha mzigo chini. Guta linafika yadi likiwa na mzigo tayari juu. Nikaijengea ile meza ya chini kimo cha jukwaa la guta, guta linaegeshwa ubavuni, TV inasukumwa kutoka jukwaani hadi mezani bila kunyanyuliwa. Tumepaka mbao nta ya mishumaa iteleze. Baada ya hapo yule kijana mwenye hoja ndiye anayegombania meza.

Upande wa kupakia ndiyo bado. Wiki za mwisho wa mwaka wa fedha ofisi zinatoa vitu vyake vya zamani, na ofisi za Kariakoo ziko juu, ghorofa ya tatu, ya nne, lifti haipo au imekufa. Mashine ya fotokopi ya ofisini inaweza kupita kilo mia. Watu wanne, ngazi nyembamba, wawili wa chini ndio wanaobeba karibu wote huku wakirudi kinyumenyume, wa juu anapiga kelele "kona, kona!" Kwa sasa tukienda kuchukua mashine ya namna hiyo napanda na begi la vifaa. Trei za karatasi zinatoka, kava la juu linatoka, kopo la wino wa unga linafungwa kwenye mfuko, kifaa cha kuyeyushia wino kwenye karatasi kinatoka. Tunashuka nayo vipande vipande. Mlinzi wa jengo mara nyingi hapendi, anasema tumeambiwa tubebe, hatukuambiwa tufungue. Namwamkia, namweleza, wakati mwingine namwachia hela ya soda. Ni nafuu kuliko kiuno.

Grainda niitaje kwa kifupi. Ulaya wana kikomo cha kisheria cha mtetemo unaoingia mkononi kwa siku ya saa nane: ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndiyo ukingo. Kwetu diski ya grainda inatumika mpaka ibaki kishina, na diski iliyolika vibaya ndiyo inayotetemesha zaidi. Vitabu vyao vinaonya kuhusu vidole kuwa vyeupe kwenye baridi. Dar hakuna baridi ya kuvifanya vyeupe, kwa hiyo hakuna anayeona kitu mpaka mtu ashindwe kufunga vifungo vya shati.

Sasa nirudi kwenye kilo, maana kilo ndiyo mzizi wa yote. Mtu anayelipwa kwa kilo kila dakika ya kujinyoosha anaihesabu kama hela iliyomtoka. Huwezi kumwambia apumzike kila saa; atakuitikia "sawa fundi" na kuendelea. Na ukimuuliza kazi ni ngumu kiasi gani atakwambia kawaida tu. Nililijaribu hili kwa kipimo cha Gunnar Borg, Mswidi mwingine (watu hawa na uchovu wana jambo lao). Kipimo chake kinaanza 6, umepumzika kabisa, kinaishia 20, umefika mwisho wa nguvu. Namba unayoitaja ukiizidisha kwa kumi inakaribia mapigo ya moyo wako kwa dakika. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anapasua kompresa kwa nyundo kubwa, akanipa 9. Nikamhesabia mapigo shingoni kwa saa ya simu: yalikuwa yamevuka 140. Sidhani alinidanganya. Ameanza kubeba mizigo akiwa na miaka kumi na nne. Hajui hali nyingine ya kulinganishia. Na wengine walikuwa wanamwangalia tajiri kabla ya kutaja namba.

Mama anayechambua bodi hakutaka namba zangu kabisa. Yeye hukaa chini amenyoosha miguu, amekunja khanga mara nne akaikalia upande wa nyuma tu, ili nyonga iiname mbele kidogo na mgongo usivunjike, hakuna aliyemfundisha. Anatenga bodi za kahawia za TV na redio, za bei ya chini, na zile za kijani za kompyuta na simu. Nikambadilishia swali. Mama, ukifika nyumbani unaweza kumbeba mjukuu? Akacheka.

"Mjukuu nambeba Jumapili tu huyo. Siku nyingine anakaa pembeni yangu."

Kwa wote niliowauliza hivyo baada yake, nilipata majibu. Nani anakufulia? Unalala ubavu gani? Unapanda daladala ukiwa umesimama mpaka wapi? Hakuna tena aliyesema kawaida.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo nchini, ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake unatolewa na mwajiri. Sasa mama huyu mwajiri wake nani? Tajiri anasema hajamwajiri, ananunua kazi yake kwa kilo. Kiuno chake hakimo kwenye daftari la mtu yeyote.

Kilo hiyohiyo ndiyo inayowasha moto. Watu wa mazingira wanauchukia moshi wa nyaya, nami nauchukia, naujua ulivyo kooni. Lakini kaa umenye nyaya kwa kisu kuanzia asubuhi. Dole gumba ndilo linalosukuma, kifundo kimepinda, na nyaya nyembamba za ndani ya kompyuta zinakupa gramu chache za shaba kwa maumivu mengi. Moto hauna dole gumba. Unamaliza kwa dakika kazi ya siku nzima. Kule Accra, Ghana, kwenye yadi za Agbogbloshie zilizobomolewa Julai 2021, mashine za kumenya nyaya zilipelekwa na watu waliendelea kuchoma. Watafiti waliowahoji wafanyakazi wa pale kuhusu maumivu ya mwili walikuta mgongo wa chini ukitajwa sana. Mimi naziweka habari hizo mbili pamoja. Anayechoma anakimbia kazi ya mkono, na ukimkataza moto bila kumpa njia isiyoumiza dole gumba atasubiri uondoke. Kwetu tumetengeneza kifaa cha wembe uliofungwa kwenye mbao, waya unavutwa kwa mkono mzima badala ya kisu kusukumwa kwa kidole. Kwa nyaya nene kinafaa sana. Kwa zile nyembamba nimemshawishi tajiri aziuze bila kumenywa, bei ya chini. Amekubali kwa shingo upande, na kuna siku moshi bado unaonekana nyuma ya ukuta.

Glavu sizikatai. Nazivaa, za ngozi, nikishika vioo. Ila glavu nene za msaada zinakulazimisha ukaze mkono zaidi ili bisibisi isiteleze, na kwa mwenye ganzi kama yangu hilo ni tatizo juu ya tatizo. Anayetaka kutusaidia alete fundi seremala na futi kamba, atupime viwiko, halafu alete glavu za saizi zetu.

Mkono wangu umepata nafuu kubwa, haujapona. Usiku navaa kifaa cha kunyoosha kifundo nilichopewa na yule binti wa fiziotherapia.

Kinachonisumbua sasa ni friji. Friji haitelezi kutoka kwenye guta kama TV, na kompresa yake iko chini kabisa nyuma, kwa hiyo lazima mtu alale ubavu au friji ilazwe, na kila friji ni mwili mwingine. Nataka meza inayopanda na kushuka, na meza za namna hiyo dukani hatuziwezi. Lakini kiti cha kinyozi kina pampu ya mguu inayomnyanyua mtu mzima bila shida. Natafuta viti viwili vya saluni vilivyochanika, sponji imetoka, egemeo limevunjika, hata visivyozunguka, ilimradi pampu inapanda na haivuji mafuta. Mwenye navyo Dar es Salaam aache ujumbe hapa chini na bei yake. Tafadhali isiwe bei ya kilo.